Shukrani kwa karani wa mahakama aliyewapokea wanafunzi wetu

Ninamshukuru hadharani karani mmoja wa mahakama, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hakuomba kutajwa. Wanafunzi wetu walikuwa wamezikariri haki zilizomo katika katiba bila kuona zinavyofanya kazi, na ziara yetu ya bungeni ilifutwa asubuhi ileile, watoto wakiwa tayari njiani.

Karani huyo alipotuona tumekwama nje ya jengo la mahakama, aliuliza shida yetu, akaenda kumwomba hakimu ruhusa, kisha akatuingiza katika chumba cha mahakama baada ya kesi za siku hiyo kwisha. Hakuhutubu. Aliwagawia watoto nafasi za hakimu, mwendesha mashtaka, wakili, mkalimani na mshtakiwa katika kesi ya kubuni ya wizi wa kalamu, na kila walipokwama aliwauliza: je, mshtakiwa ameelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa? Amepewa muda wa kuandaa utetezi? Mtoto aliyeharakisha kutamka “mwizi” alitakiwa kwa upole aonyeshe ushahidi, na hapo darasa zima likaelewa kwa nini mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ibara ya 42 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inazitaka nchi ziwajulishe haki hizo watu wazima na watoto pia; yeye aliitekeleza bila kuagizwa. Watumishi wa mahakama, mabunge na halmashauri, nanyi wafungulieni watoto milango, hata kwa saa moja.