Uliza mshahara kabla hujashika penseli

Kwako mwanangu Mwanaisha,

Salaam aleikum. Sisi huku Tanga wazima, baba yako kifua kimepungua. Barua hii nampa dereva wa basi pamoja na kifurushi, umwambie shangazi yako awahi stendi asije akakikosa. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu nikianza tu habari ya malipo unaniambia "mama, nimeelewa," halafu unamuulizia paka. Paka mzima. Kwa hiyo nimeandika.

Tangu viza itoke silali vizuri. Siogopi ndege, wala baridi, wala yale matetemeko ya ardhi anayoyataja baba yako kila akitazama taarifa ya habari. Naogopa malipo ya kipande. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba kule Tokyo, kwenye studio za katuni unazozitamani, anayeanza hupewa michoro ya katikati, ile ya kuunganisha mkono ulio chini na mkono ulio juu, na analipwa kwa karatasi, yeni mia mbili au zaidi kidogo. Ulinieleza macho yanang'aa, mimi nikaendelea kushona. Lakini neno lile liliniingia, mwanangu. Yeni mia mbili ni shilingi elfu tatu na kitu.

Unajua miaka niliyoshona sare kwa kipande. Shati moja shilingi 700, na tajiri akikuta tundu la kifungo limepinda anakurudishia ulifumue, na ule muda wa kufumua haulipi mtu. Kwa hiyo uliza: mchoro ukirudishwa, nalipwa tena au natengeneza bure? Uliza kabla, siyo mwisho wa mwezi. Najua utasema kwanza ni shule ya lugha, halafu chuo, na kazi ni baada ya miaka mitatu minne. Ndiyo maana nasema sasa, wakati bado unaniogopa kidogo.

Juzi baada ya adhuhuri niliingia chumbani kwako, nikawasha ile taa uliyoiweka chini ya kioo cha dirisha. Nikachukua karatasi zako mbili za yule msichana anayeinua kikombe, namba 1 na namba 5, nikaweka karatasi nyeupe juu, nikajaribu kuchora namba 3. Mkono wangu umezoea chaki na mkasi, hautetemeki. Lakini mstari wa kidole gumba ukiukosea kwa upana wa uzi tu, ukizipekua zile karatasi haraka kidole kinaruka kama kimekatika. Nilifuta mara nne. Alasiri inaadhiniwa nina kikombe na vidole vitatu. Ndipo nikajua kwa nini ulikuwa hunisikii nikikuita uje kula, na yale niliyokuwa nikiyasema siku zile nikidhani ni kiburi.

Wewe una kasi, hilo silikatai. Tuseme unamaliza michoro 500 kwa mwezi. Hiyo ni yeni laki moja. Utoe kodi ya chumba, utoe nauli, ule nini?

Sanamu zako za watu wa katuni ziko kabatini. Nimetundika kanga mbele ya kioo kwa sababu ulisema jua linageuza plastiki kuwa njano, na kila Ijumaa nazipangusa kwa brashi laini. Yule wa nywele za buluu mkono wa kushoto umelegea. Nadhani ulikuwa umelegea tangu zamani. Salimu ameugandisha kwa gundi, ukisimama mlangoni huoni kitu. Zile feki ulizonunua Kariakoo kabla hujajua kutofautisha, usizibebe. Forodha ya Japani haina mchezo na bidhaa za kughushi, na mimi sitaki jina lako liandikwe mahali popote siku ya kwanza.

Yule mdogo mwenye kichwa kikubwa, wa sentimita kumi, uliyemsubiri posta mpaka ukakonda, ulisema kule ni kama yeni elfu sita. Nimepiga hesabu: ni michoro thelathini. Mtu auchore uso ule mara thelathini ndipo aweze kununua sanamu yake moja. Na katika sanamu hiyo yeye hana chake, maana ulinieleza kwamba wanaoweka fedha ni kamati, yaani kituo cha televisheni, mchapishaji, mtengeneza vidoli, kampuni ya muziki, na hao ndio wanaogawana faida. Studio inalipwa ujira wake na mara nyingi mambo yanaishia hapo. Ulipenda kunisimulia habari ya Gundam, ile katuni ya maroboti, jinsi ilivyokatishwa kabla ya wakati kwa kukosa watazamaji, kisha kuanzia 1980 wale watengeneza vidoli Bandai wakauza yale maroboti ya kuunganisha, ikafufuka. Wewe ulikuwa unashangilia. Mimi nilikuwa najiuliza waliochora walipata nini.

Na huyo Tezuka wako, mchora katuni aliyesomea udaktari akachagua kalamu. Mwaka 1963 alipoipeleka katuni yake ya yule mtoto wa chuma kwenye televisheni kila wiki, alikubali bei isiyofikia hata gharama, ili mradi ionyeshwe. Nimelifikiria sana hili nikiwa kwenye cherehani. Unamkumbuka yule fundi aliyefungua karibu na soko, akashona gauni kwa nusu bei ili apate wateja? Aliwapata. Alishahama siku nyingi, na mpaka leo mtu akija kwangu ananitajia bei ya yule. Simlaumu Tezuka, labda bila yeye usingekuwa na unachokipenda. Ila nakuomba usiwe wewe wa kukubali bei ya hasara kwa sababu unaipenda kazi. Wanajua mnaipenda. Hicho ndicho wanachokihesabu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Salimu amekuwa akinisomea kwenye simu kila jioni baada ya isha, na kuna studio ya katuni ya Kyoto Animation, pale Uji karibu na Kyoto. Wao wanaajiri wachoraji kwa mshahara. Na nimejua walivyoanza: mama mmoja, Yoko Hatta, aliyewahi kufanya kazi kwenye studio ya huyo huyo Tezuka, aliolewa akahamia upande wa Kyoto, na mwaka 1981 akawakusanya majirani zake, wanawake wa nyumbani, wakawa wanapaka rangi michoro ya studio nyingine. Majirani, Mwanaisha, kama mimi na mama Asha na yule wa nyumba ya pili tulivyokuwa tukigawana vifungo barazani. Nilimwambia Salimu anirudie pale mara mbili.

Ni hao hao walioteketezewa jengo Julai 2019. Ile siku uliyojifungia chumbani, nikakugongea nikakuuliza unawalilia watu gani ambao hata hawakujui. Walikuwa 36. Nimesoma mwenyewe safari hii. Wengine umri wao ni kama wako sasa. Nimewaombea, nikakuombea na wewe.

Kwa hiyo ukimaliza chuo, kagonge milango yenye mshahara kwanza. Wakikukatalia, rudi tena mwaka unaofuata. Na ukikuta chama cha wafanyakazi, jiunge. Huyo Miyazaki mtengeneza katuni unayemtaja kila siku alikuwa katibu wa chama pale studio ya Toei mwaka 1964, akiwa kijana tu. Kama yeye hakuona aibu kudai, wewe usione. Jifunze kusoma mkataba kwa Kijapani kabla ya kujifunza mengine. Na zile saa 28 kwa wiki anazoruhusiwa mwanafunzi kufanya kibarua, zisizidi hata moja, mwenye duka akubembeleze asikubembeleze.

Bado sijapenda ulivyonificha miezi miwili kwamba umeacha kazi pale stationeri. Nilikuwa nakufungia chakula asubuhi, nawe unakwenda kukaa kwa rafiki yako kuchora. Ungesema. Labda ningepiga kelele, lakini ungesema. Halafu ile picha uliyochora ya bandari usiku na mashua, iliyokupatia nafasi, nimeipeleka kwenye kikoba tukaipitisha mkono kwa mkono, na mama mwenyekiti akauliza kama ni picha ya kamera. Nikamwambia ni mkono wa mwanangu.

Deni la kikoba limebaki laki nne, usilifikirie. Usitume hela mwaka wa kwanza. Nimepata oda ya mashati ya kwaya, thelathini na mawili, na safari hii nimewaambia bei yangu kabla ya kupokea kitambaa. Walinyamaza, halafu wakakubali.

Jikoni panavuja tena pale pale juu ya mitungi, fundi wa bati anakuja Jumatatu. Mama Asha amerudisha lile sufuria kubwa lakini mfuniko siyo wetu. Baba yako ameanza kuangalia saa ya Tokyo. Amegundua wametutangulia kwa saa sita, na kila akikaa kula anatangaza kwamba wewe ungekuwa umelala. Hajakuambia, ila lile begi kubwa amelishona mpini yeye mwenyewe kwa sindano ya viatu, alikataa nimsaidie.

Koti liko kwenye kifurushi. Watu wanasema mwezi wa nne kule, kwa watu kama sisi, bado ni baridi, kwa hiyo nimeweka bitana nzito. Mfuko wa ndani una zipu kwa ajili ya pasipoti. Paterni ya kola nimeikata kwenye gazeti. Safari hii ni gazeti, mwanangu. Karatasi zako zote zilizobaki nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na Salimu nimemkataza kuzigusa.

Mikono ya koti nimeiachia pindo la inchi mbili. Ukiona ni fupi, fumua. Uzi wa akiba umo mfukoni.

Mimi mama yako