Chapa za mafuvu: namba ya penseli haitoshi

Ndugu Mhariri,

Wanaoanza kukusanya chapa za sanaa (picha zinazochapwa kwa nakala kadhaa na kutiwa sahihi na msanii) zinazozungumzia mauti, yaani mafuvu, mifupa na maua yaliyonyauka, hukimbilia swali moja: ni namba ngapi? Ikiwa 3/50, yaani nakala namba 3 katika toleo la nakala 50, wanatoa pesa haraka. Ikiwa 47/50 wanataka kupunguziwa. Hilo ni kosa. Katika silkskrini, yaani kuchapa kwa kupitisha wino kwenye kitambaa cha wavu, karatasi hukaushwa kwenye rafu, huchanganyika, huchambuliwa, na msanii huzitia sahihi siku nyingine kabisa. Namba 3 huenda ilichapwa ya arobaini. Mfuatano wa kuchapa una uzito kwenye picha zilizokwaruzwa kwa sindano juu ya bati la shaba, kwa sababu kingo za mkwaruzo husagika na mstari hupoteza weusi wake baada ya nakala chache. Hata hapo, kagua wino kabla ya namba.

Cha kuuliza ni jumla. Nje ya zile 50 kuna nakala za msanii, zenye alama A.P., za mchapaji, P.P., na nyingine za H.C. ambazo awali hazikukusudiwa kuuzwa. Kisha kuna rangi. Baada ya msanii Mwingereza Damien Hirst kuonyesha fuvu lake la platinamu lenye almasi 8,601 mwaka 2007, chapa za fuvu hilo zilitoka kwa matoleo kadhaa. Chapa zake nyingine za mafuvu, The Dead za 2009, zina nakala 15 kwa kila rangi, lakini rangi zenyewe ni nyingi. Anayedhani ana wenzake 14 tu duniani anajidanganya.

Skulls ya msanii Mmarekani Andy Warhol, ya 1976, ni habari nyingine: karatasi nne, toleo la nakala 50, na katika katalogi ya chapa zake ya Feldman na Schellmann zimeorodheshwa II.157 hadi II.160. Seti ambayo karatasi zote nne zina namba ileile hupata bei nzuri kuliko nne zilizookotwa huku na kule. Warhol alifariki mwaka 1987, na bodi iliyokuwa ikithibitisha kazi zake ilivunjwa mwaka 2012. Mnunuzi amebaki na katalogi na mlolongo wa risiti. Risiti ikikatika katikati, bei nayo ishuke.

Hali ya karatasi ndiyo inayoua thamani kimyakimya. Foili ya metali iliyogandamizwa kwa joto, kama ya The Dead, hushika alama za vidole, na mchubuko wake hausafishiki. Chapa iliyonyunyiziwa vumbi la almasi isiwekewe plastiki ngumu badala ya kioo: plastiki ikifutwa hupata umeme tuli na kuvuta chembe zilizolegea. Tumia kioo chenye kinga ya mionzi ya jua, kikae mbali na karatasi kwa kijiti cha milimita 5 hivi. Nyuma iwe kadibodi ya pamba isiyo na asidi, na picha ishikwe juu tu, kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka. Ukikutana na fundi fremu anayetaka kukata kingo ili picha "iingie vizuri", mnyang'anye mkasi.

Kwa Mombasa, Tanga au Unguja adui mkubwa ni unyevu. Ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huanza na madoadoa ya kutu hujitokeza. Lenga asilimia 50, na usitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje.

Sasa bei. Ya nyundo, yaani ile mnada unapofungiwa, siyo anayolipa mnunuzi, wala siyo anayopata muuzaji. Tuseme nyundo imegonga pauni 10,000, ada ya mnunuzi ni asilimia 26 na kamisheni ya muuzaji 10. Mmoja analipa 12,600, mwingine anaondoka na 9,000, kabla ya bima na usafiri. Kwa hiyo ukilinganisha mauzo, linganisha nyundo kwa nyundo, toleo lilelile, rangi ileile, na usome ripoti ya hali ya kila karatasi. Bei iliyobandikwa na duka kwenye intaneti ni ombi tu; haijawa mauzo mpaka mtu alipe.

Mpenzi wa chapa,
Mombasa