Wanachagua kwangu, wananunua kwingine

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia alfajiri kwa sababu usingizi umekataa kuja na mume wangu amechoka kunisikiliza. Unaijua kazi hii ya udalali wa mtandaoni, kwa hiyo sitarefusha: ninaandika kuhusu vyerehani, msomaji anabonyeza kiungo, akinunua duka linanipa kamisheni, asiponunua sipati kitu. Mpango huo sijawahi kuulalamikia. Kinachoniuma ni ile picha.

Aliituma mama mmoja mshonaji ambaye nilimshauri kwa wiki kadhaa, mara nyingine usiku wa manane, tangu alipokuwa hajui kwamba sindano ya cherehani cha nyumbani haiingii katika cha kiwandani, mpaka akaweza kuniuliza mwenyewe habari za mota. Nilimweleza kwamba mota ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hivyo hula tokeni za stima hata fundi anapokata kitambaa, ilhali ya sevo huzunguka anapokanyaga pedali tu. Aliridhika, akachagua, akanishukuru. Kisha akaenda kununua dukani mjini, cherehani kile kile, mota ile ile, akajipiga picha akiwa ameegemea meza yake mpya na kunitumia pamoja na maneno haya: "Mungu akubariki dada, bila wewe ningeibiwa." Baadaye akaongeza kwamba alifungua ukurasa wangu mbele ya mwenye duka, akamwonyesha bei ya mtandaoni, mpaka akapunguziwa.

Mume wangu anasema siwaelewi wanunuzi. Ninawaelewa kuliko yeye. Ninajua kwamba watu hubonyeza sana usiku watoto wakishalala, na kwamba mauzo huja mishahara ikiingia. Ninajua kwamba sindano, bobini na mikasi huagizwa mtandaoni bila maswali, kwa kuwa hata kikija kibovu hasara yake ni ndogo. Lakini cherehani chenyewe mtu anataka kuzungusha gurudumu kwa mkono wake, asikie mlio, ashone kipande cha kitambaa pale pale dukani, akigeuze atazame uzi wa chini, halafu aulize fundi wa kukitengeneza yuko wapi. Ninajua pia kwamba wanawake wengi hapa Mombasa hununua zamu yao ya kupokea pesa za chama inapofika, na zamu haingojei wala haiharakishwi na kiungo cha mtu. Wasomaji wangu walioko Marekani hununua Amazon, na huko nahesabiwa saa 24 tu tangu mtu alipobonyeza, isipokuwa awe ameiweka bidhaa kikapuni ndani ya muda huo, hapo huongezewa mpaka siku 90. Sasa nani huamua kununua cherehani kwa siku moja? Msomaji akija kutazama cherehani kisha akaagiza nepi, nalipwa kwa nepi. Akirudi mwenyewe wiki ya pili kununua kile nilichomsaidia kuchagua, silipwi. Nilipoziona nepi hizo kwenye ripoti nilicheka, ingawa si sana.

Kwa hiyo tatizo si kutowaelewa. Yule mama angeweza kuniambia mapema kwamba atanunua mjini, nami ningemsaidia vile vile, pengine kwa maneno machache zaidi. Sikutaka pesa yake. Hata angenitumia ya soda kwa M-Pesa ningeirudisha, au ningefikiria kuirudisha. Lakini kuitumia kazi yangu kupunguziwa bei na mtu mwingine, kisha kunitumia picha kana kwamba ni harusi yetu sote!

Kuna jambo jingine, dogo tu. Mwenye duka aliichukua namba yangu kwenye ukurasa ule ule, akanipigia. Anasema wateja wengi humjia wakiwa wameshika simu zenye maandishi yangu, na yuko tayari kunilipa taslimu kwa kila atakayenitaja, awe amenisoma jana au miezi mitatu iliyopita. Siwezi kukataa kwamba mpango wake unafuata namna watu wa hapa wanavyonunua kuliko mpango wowote niliowahi kujiunga nao. Sharti lake ni kwamba niache kuzisema vibaya mota za klachi, kwa kuwa anazo nyingi stoo, na wasomaji wasijue kuwa ananilipa. Chini ya kila makala yangu kuna sentensi inayosema kwamba napata kamisheni mtu akinunua kupitia kiungo. Yeye anasema hiyo ni ya mtandaoni, ya dukani ni yetu wawili. Mume wangu anataka nikubali, kwani klachi si sumu na mafundi wameshonea miaka na miaka, jambo ambalo ni kweli, na zina nguvu hasa kwenye kitambaa kizito. Mimi moyoni nimeshakataa. Sijamwambia mwenye duka bado, na jana nimejikuta nikipiga hesabu ya watu ambao ningempelekea.

Jana hiyo hiyo yule mama ameniandikia tena. Ana kazi ya sare za shule za Januari na anauliza kama achukue ovaloki, ile mashine ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke, ya nyuzi tatu au ya tano. Jibu ninalo, lakini sijalituma. Wala siwezi kumpuuza, maana wasomaji wengi wapya wananiambia wametumwa na yeye.

Naomba unishauri, Shangazi. Nimweleze vipi kwamba ameniumiza bila kumpoteza? Na kuhusu huyo mwenye duka, je, kuna ubaya nikipokea pesa yake kwa cherehani ambacho ningekisifu hata bila kulipwa, nikanyamaza tu kuhusu hivyo vingine vya mota za klachi, bila kuandika uongo wowote? Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ndipo wateja wanapokuja.

Tafadhali usichapishe jina langu. Yule mama ni msomaji wako.

Dalali wa vyerehani,
Mombasa