Ulizeni tarehe ya pamiti kabla ya kuomba pesa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee na wenzangu wenye watu majuu. Naandika nikiwa London, na kabla mtu ashtuke, ni hii London yetu ya Nakuru, niko na saiba hapa na kazi yangu kubwa ni kuskania watu karatasi na kuprinti zile fomu mtoto ametuma kwa WhatsApp akiwa Riyadh ama Doha ama Calgary, kwa hivyo mambo ya pamiti, yaani kibali cha kukaa na kufanya kazi huko, kuisha mimi huyaona kabla jirani ayasikie.

Shida yangu ni hii. Familia inajua mshahara wa mtoto mpaka senti ya mwisho, inajua huwa anatuma tarehe ngapi, inajua hata riyali leo iko ngapi, lakini uliza pamiti yake inaisha lini uone vile watu wataangaliana. Na hiyo tarehe si siri, ilijulikana tangu siku alipewa. Sasa ikibaki wiki mbili tatu ndio simu zinaanza kulia, mama anafika hapa mbio na kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mtoto akitaka "nimfanyie" pasipoti mpya, na mtoto mwenyewe ako Saudia. Mama, siwezi, pasipoti inataka alama za vidole na picha ya mwenyewe, lazima aende ubalozini mwenyewe.

Hapo Saudia wacha nikae kidogo juu wengi wetu ndiko wako. Kuna mama alinipa simu akaniambia nimsomee iqama, ile kadi ya kibali cha kukaa Saudia, ya msichana wake inaisha lini. Nikavuta picha ikawa kubwa, nikaangalia juu chini, tarehe hakuna. Si ati msichana alificha, hizi kadi za siku hizi hazichapwi tarehe ya kuisha, kadi inakaa miaka mitano lakini kibali chenyewe kinarinyuiwa kwa kompyuta na inabidi uangalie kwa Absher, ile app ya serikali yao. Yaani mtu anaweza kuwa na kadi inang'aa kwa pochi na kibali kilikufa zamani. Kulipia hiyo iqama ni jukumu la mwajiri, sheria yao inasema hivyo wazi, lakini mwajiri akinyamaza anayeshikwa barabarani ni msichana wetu. Ndio maana miezi kadhaa mbele anafaa kumuuliza bosi bila kuzungukazunguka, unarinyu ama unaniachilia? Akiachiliwa, final exit, yaani visa ya kutoka nchi kabisa, ikishatolewa ako na siku 60 za kuondoka, si zaidi.

Na kuna pesa watu huacha huko kwa sababu ya haraka. Mfanyakazi wa nyumbani Saudia akimaliza miaka minne mfululizo kwa mwajiri mmoja anafaa alipwe mshahara wa mwezi mmoja wa kumaliza kazi. Qatar ni mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka aliofanya. Hiyo hudaiwa mtu akiwa bado ako huko na karatasi zake ziko sawa, ukishatua JKIA utamdai nani.

Canada na Uingereza ni hadithi ingine na hapa ndio nataka wazee wa familia wanisikize vizuri. Canada ukiaplai kuongezewa pamiti kabla ile ya zamani iishe, unaruhusiwa kuendelea na kazi kwa masharti yaleyale mpaka wakujibu. Ukichelewa hata siku moja hiyo ruhusa haipo, unabaki na siku 90 za kuomba urudishiwe hadhi yako ya kukaa kihalali, na hizo siku zote hufanyi kazi. Sasa fikiria kijana ameaplai vizuri kabisa, anangoja jibu, halafu huku kumetokea matanga. Simu ya kwanza ni mjomba: wewe ndiye kifungua mimba, lazima urushe mchanga. Anapanda ndege. Akirudi Canada, kama watamruhusu kuingia, hawezi kugusa kazi mpaka hiyo aplikesheni ipite. Uingereza ni mbaya zaidi, ukitoka nchi ukiwa unangoja jibu ombi lako linahesabiwa umeliondoa mwenyewe. Na tukumbuke Uingereza ilifunga mlango wa kuleta walezi wapya, wale wa kutunza wazee na wagonjwa, kutoka nje tarehe 22 Julai 2025, kwa hivyo mlezi akipoteza nafasi yake kwa mchezo kama huo atarudi kwa njia gani? Mimi nasema wazi, hata kama nitaitwa mtu asiye na heshima, mtoto anayengoja jibu la pamiti asiitwe matanga. Atume mchango, aangalie maziko kwa simu, na marehemu hatamkasirikia.

Kuna wale pia walienda Canada na masomo wakapata ile pamiti ya baada ya chuo. Hiyo hupewa mara moja, mwisho miaka mitatu, na kwa kawaida haiongezwi. Mwenye hiyo anafaa kuanza kutafuta njia ingine ya kukaa mwaka mzima mbele, si kuandika barua ya kuomba huruma ikibaki mwezi.

Pasipoti nayo. Pamiti ya Canada haipiti tarehe ya pasipoti, ikibaki mwaka mmoja unapewa mwaka mmoja hata kama bosi alitaka miwili. Hizi e-pasipoti zetu zilianza Septemba 2017 na za watu wazima ni za miaka kumi, piga hesabu, za kwanza zinaanza kuisha Septemba 2027. Aliyetoka na ile ya mapema mapema aanze kuulizia ubalozini sai, hata kama ni kupanda basi kwenda mji mwingine.

Haya yote yanataka pesa, na pesa iko wapi? Iko kwa ploti Kiamunyi, kwa fundi, kwa fii ya binamu. Sikatai, hata sisi wa saiba tunakula hapo. Lakini mwaka wa mwisho wa kontrakti angetuachia nusu tu, ile ingine ibaki kwake ya fomu, ya tiketi, ya kukaa miezi mitatu bila mshahara kama mambo yataenda kombo. Sijaona familia yoyote ikimwambia mtoto hivyo. Naona wakimwambia mabati yamepanda bei.

Kwa hivyo wiki hii ukipiga simu huko majuu, muulize tarehe ya pamiti na ya pasipoti, uandike nyuma ya kalenda. Na yeye akutumie picha za karatasi zote, pamiti, kontrakti, pasipoti, ziwe kwa simu ya mtu wa nyumbani asiyepoteza simu ovyo.

Msomaji wako,
Mwenye saiba, London, Nakuru