YAH: Malalamiko kuhusu jedwali lenu la plagi mbadala

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Nalalamikia jedwali la plagi mbadala (plagi za kutoa cheche kwenye injini) lililomo kwenye katalogi yenu, linaloonyesha plagi ya kampuni moja ya kufunga badala ya ile ya kampuni nyingine. Lori langu ni la zamani, la petroli, lenye kabureta na distributa, na kitabu chake kinataka plagi ya Bosch yenye namba 8. Jedwali lenu likanielekeza kwenye NGK yenye namba 8, na muuzaji wenu akanihakikishia kuwa namba ni ileile, nisiwe na wasiwasi.

Namba ni ileile, lakini plagi ni tofauti kabisa. Kwa Bosch, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi, yaani ncha yake inabaki na joto zaidi injini ikifanya kazi. Kwa NGK, namba ikipanda inakuwa ya baridi zaidi. Namba 8 ya Bosch inakaribiana na namba 5 ya NGK. Watengenezaji hawana kosa, kila mmoja ana mpangilio wake. Aliyekosea ni aliyeoanisha tarakimu bila kuangalia zinaelekea wapi.

Injini ilianza kukosa moto, hasa ikiunguruma bila mzigo, na asubuhi kuwaka ikawa kwa shida. Fundi alipozifungua, ncha zote zilikuwa zimefunikwa masizi meusi makavu, ya kufutika kwa kidole, hata kaure nyeupe haionekani. Tukakagua kabureta, choki, waya na koili: vyote vizima. Tulipofunga namba 5, injini ikatulia. Ncha ya plagi lazima ifikie karibu nyuzi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, na plagi ya baridi mno haifiki huko kwenye injini ya zamani inayozunguka taratibu.

Mimi nimepata hasara ya masizi tu. Kinachonitia hofu ni mteja ambaye injini yake inataka Bosch namba 5, yaani plagi ya baridi. Jedwali lenu litampa NGK namba 5, ambayo ni ya moto. Akipanda mlima na mzigo, ncha ikipita nyuzi 850 hivi, mchanganyiko utawaka kabla ya cheche, na pistoni inaweza kutoboka. Huyo atalipia injini.

Tena jedwali halitaji urefu wa uzi, yaani sehemu ya plagi inayojisokota kuingia kwenye injini. Plagi za kipenyo cha milimita 14 zipo zenye uzi wa milimita 12.7 na zenye 19, na zote zinaingia tundu lilelile. Ndefu ikifungwa pasipo pake, pistoni inaweza kuigonga.

Nimeambatanisha risiti na plagi zenyewe. Naomba mnirudishie fedha, mliondoe jedwali hilo hadi fundi anayezijua plagi alipitie mstari kwa mstari, na muwaarifu wateja waliokwisha kununua kwa kulitegemea. Hili la mwisho lisingoje mengine.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja