Wazazi wenzangu, tusaini fomu ya safari ya ghubani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumze na wazazi wenzangu wa Kiswahili tunaoishi Maryland, hasa sisi wa vitongoji vya kati ya Baltimore na Annapolis. Kuna karatasi inayokuja nyumbani ndani ya begi la mtoto na mara nyingi hurudi shuleni bila saini, au hairudi kabisa. Ni fomu ya ruhusa ya kumpeleka mtoto kwenye Ghuba ya Chesapeake au kwenye mito inayoingia humo.

Najua inavyokuwa. Mzazi katoka zamu ya usiku, fomu ni ya Kiingereza kirefu, anaona neno maji, anaona neno mtumbwi, anaiweka pembeni. Aliyekulia Uvira au Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, anajua ziwa linavyochukua watu, na hofu yake naiheshimu. Ninayebishana naye ni yule anayesema mtoto amekuja Marekani kusoma, si kuchezea matope.

Ndugu yangu, hayo matope ndiyo masomo yenyewe. Mwaka 2011 Maryland ilikuwa jimbo la kwanza nchini kuingiza elimu ya mazingira katika masharti ya kuhitimu sekondari. Kisha mwaka 2014 majimbo 6 pamoja na jiji la Washington, D.C., yalitia saini mkataba wa Chesapeake, na humo wakaweka lengo kwamba kila mwanafunzi ajifunze kwa vitendo kuhusu maji haya walau mara moja katika kila ngazi: msingi, kati na sekondari. Anayeachwa nyumbani siku hiyo amekosa kipindi.

Chukueni kaunti ya Anne Arundel. Shule zake za umma zina wanafunzi zaidi ya 80,000, na ukijumlisha kingo za mito kama Severn, Magothy na South, kaunti ina zaidi ya maili 500 za ufukwe. Mamlaka ya shule ina kituo chake cha masomo ya nje, Arlington Echo, kando ya mto Severn. Kupitia kituo hicho, madarasa yamewahi kulea vitoto vya kobe wa ghubani waliototolewa kisiwa cha Poplar, wakawakuza kwenye matangi darasani majira ya baridi, wakawapima, kisha wakawarudisha majini. Kobe hao zamani waliwindwa kwa ajili ya supu mpaka wakaanza kwisha. Maryland ilipiga marufuku uvuvi wao wa biashara mwaka 2007. Mtoto aliyemlisha mmoja hahitaji kuhubiriwa.

Mimi nimewahi kusindikiza darasa. Watoto walivuta kamba, kikatoka kizimba cha waya kilichojaa chaza, kinatiririka tope. Kila mtu alidhani ni magamba matupu. Mwalimu akakikung'utia kwenye beseni, vikaanza kukimbia vikaa vidogo kama ukucha na visamaki vilivyojificha katikati ya magamba. Binti mmoja aliyekuwa amejibanza nyuma akapenya mpaka mbele. Chaza mkubwa mmoja huweza kuchuja hadi galoni 50 za maji kwa siku, na zamani walikuwa wengi mno. Leo imebaki sehemu ndogo sana, kwa sababu ya uvuvi uliopita kiasi, magonjwa na maji machafu.

Na uchafu huo unatoka kwetu pia. Mvua inaosha mbolea ya mashamba na ya nyasi za nyumba zetu, inapita juu ya maegesho ya magari, yakiwemo ya shule, inaingia mtaroni. Mbolea hiyo inalisha mwani. Mwani ukifa na kuoza unamaliza oksijeni, na kila kiangazi sehemu za chini za ghuba zinakuwa hazina hewa ya kutosha kwa kaa na samaki. Mtoto aliyeliona hilo anaporudi shuleni huuliza maji ya paa la darasa lake yanakwenda wapi. Mimi niliulizwa hivyo kwenye basi, nikakosa jibu.

Kwa shule zetu nina ombi. Fomu ije kwa Kiswahili, ieleze wazi kwamba mtoto atavaa jaketi la kuokolea na nani atakuwa naye majini. Kama kuna mchango, semeni palepale kwamba asiyeweza kulipa hataachwa, maana mzazi mwenye aibu hatauliza. Na yule anayekuja na raba za turubai mwezi wa Machi atafutiwe buti kabla ya safari.

Kwa wazazi: mwenye hofu ya maji aombe kusindikiza, ajionee mwenyewe. Ulizeni mapema, kwa kuwa shule nyingi hutaka mzazi akaguliwe kwanza kama ana rekodi ya uhalifu, na ukaguzi huo huweza kuchukua wiki kadhaa.

Mzazi,
Anne Arundel, Maryland