Maumivu ya kifandugu yasiyoisha yapimwe hadi chini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni wa gazeti lako niwaeleze wasomaji, na hasa wahudumu wa afya wa ngazi ya wilaya, kuhusu kordoma, saratani ya mifupa inayoota katika uti wa mgongo na kwenye kitako cha fuvu.

Ni ugonjwa wa nadra kweli: Marekani, nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, hugundua wagonjwa wapya wapatao 300 tu kwa mwaka. Chanzo chake ni mabaki ya notokodi, ule ufito laini ambao pingili za mgongo hujengeka kuuzunguka mtoto angali tumboni. Karibu nusu ya vivimbe hivi huota katika sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, juu tu ya kifandugu, na takriban theluthi moja huota chini ya ubongo, ambako dalili za mwanzo huwa ni maumivu ya kichwa au kuona vitu viwili viwili. Hukua polepole mno, na hilo ndilo linalotuponza, kwa kuwa maumivu yanayozidi kidogo kidogo mtu huyazoea.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alianza kwa kukalia tako moja. Aliambiwa ni uzee, kisha ni mshipa uliobanwa, na choo kilipokuwa kigumu akapewa dawa za bawasiri. Alipigwa picha ya MRI ya kiuno, majibu yakasema pingili zimelika kama ilivyo kwa watu wa umri wake. Majibu yale yalikuwa sahihi, ila picha iliishia mwanzoni mwa sakramu, na uvimbe ulikuwa chini ya hapo. Aliyeugundua ni daktari kijana aliyevaa glavu, akampima kwa kidole njia ya haja kubwa, na kwa upande wa nyuma akagusa uvimbe mgumu uliotuna kutoka kwenye mfupa. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala kibali cha bima. Kinahitaji glavu, mafuta ya kulainisha, na mtu atakayemweleza mzee kwa heshima kwa nini anaombwa alale ubavu. Naielewa haya iliyopo, hata kwa daktari anayempima mtu wa rika la baba yake, lakini haya hiyo imewagharimu wagonjwa muda ambao hawakuwa nao.

Jambo jingine linalonitia hofu ni haraka ya kupasua. Dawa za kawaida za kemikali haziisaidii sana kordoma, hivyo tegemeo kubwa ni kuutoa uvimbe ukiwa mzima, pamoja na ukingo wa nyama safi unaouzunguka, na mara nyingi mionzi mikali hufuata, ikiwemo ya protoni, ambayo Afrika Mashariki haipatikani. Uvimbe ukitolewa vipandevipande, chembe zake humwagika kidondani na ugonjwa huelekea kurudi palepale. Hata njia ya sindano ya kuchukulia kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya kupimwa hupangwa mapema, ili mpasuaji aweze kuikata na kuitoa pamoja na uvimbe wenyewe. Kwa sababu hiyo upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa kuliko yote itakayofuata, na naziomba hospitali, za serikali na za binafsi, zisiuguse uvimbe wa sakramu kabla ya kushauriana na mabingwa wa mifupa na wa saratani walioko kwenye taasisi zetu kubwa, Muhimbili na Ocean Road. Familia nazo zijue kwamba Chordoma Foundation, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007 na kijana mgonjwa, Josh Sommer, pamoja na mama yake ambaye ni daktari, huwapa ushauri bila malipo wagonjwa wa nchi yoyote.

Kwa Wizara ya Afya ninalo ombi moja. Mgonjwa mwenye maumivu ya chini ya mkanda yanayomwamsha usiku, yaliyodumu kwa miezi, au yanayoambatana na ganzi ya makalio au shida ya kupata haja, apimwe kwa kidole, na fomu yake ya MRI iandikwe waziwazi kwamba picha ishuke hadi mwisho wa kifandugu.

Msomaji wako,
Morogoro